Nililipia ekseli ya tela kabla ya kupima. Soma hii usirudie kosa langu

Leo sitaongelea kupata wateja wala kupiga picha za bidhaa. Leo naongelea chuma. Ila soma mpaka mwisho hata kama wewe unauza vitenge au kava za simu, kwa sababu kosa nililofanya mimi kwenye chuma unaweza kulifanya wewe kwenye oda yako ya kesho asubuhi.

Wanaonifahamu wanajua nauza vifaa vya kambi mtandaoni, nipo hapa Arusha. Mahema, magodoro ya kupuliza, viti vya kukunja, majiko ya gesi, na maturubai tunayoshona kwa kipimo cha gari la mteja. Nilianza na mahema mawili yaliyokuwa chini ya kitanda changu. Baadaye wateja wakawa wananiuliza swali moja lile lile: "Kaka, hamna cha kukodisha? Mimi nataka kwenda mara moja tu na familia, sitaki kununua."

Nikaona hapo pana hela. Nikaamua kutengeneza tela dogo la kulala, lile linalovutwa na gari dogo. Ndani kuna kitanda cha watu wawili na watoto wawili wadogo, nyuma ukifungua mlango unakutana na jiko. Mtu anachukua Ijumaa, anarudisha Jumapili jioni.

Ramani nilichora mwenyewe kwenye daftari. Fundi wa kuchomelea nilimpata Unga Limited, kijana mtaratibu, kazi yake safi. Chasisi ikasimama, bodi ya plaiwudi ikakaa. Ikabaki ekseli.

Nikaangalia sana video za Wamarekani na Waaustralia wanaojitengenezea matela nyumbani. Wengi wanasifia ekseli ya toshoni. Nikaingia kwenye duka la mtandaoni la nje, nikakuta ya kilo 750 na ya kilo 1,500. Bei hazikuachana sana. Nikajiambia, "Kubwa ndiyo imara. Bora izidi kuliko ipungue." Nikalipa yote kwa mkupuo. Muuzaji akajibu asante, akatuma namba ya mzigo. Basi.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja na wanawe wawili, wanaenda Karatu. Njia ya Karatu ni lami mpaka mjini. Jioni simu ikaita: "Mwanangu, tela lako linaruka kama mbuzi." Trei ya mayai yote chali. Sahani zimepasuka. Bawaba ya mlango wa jikoni imekatika. Na mtungi wa gesi ulichomoka kwenye kamba yake, ukawa unagonga ukuta njia nzima.

Mayai nilicheka. Mtungi ulininyima usingizi. Watoto wale walikuwa walale humo ndani usiku ule. Nilimwambia mama autoe mtungi nje mbali na tela, afungue milango yote, asiwashe kitu. Nikamlipia chumba cha kulala wageni, nikamrudishia hela yake yote. Faida ya kwanza ya tela ikawa hasara.

KUMBE EKSELI HII INAFANYAJE KAZI

Ekseli ya kawaida ya tela inakaa juu ya springi, vile vipande vya chuma vilivyopangana kama unavyoona chini ya pikapu na malori. Ya toshoni haina springi inayoonekana. Kuna bomba la mraba, ndani yake kuna chuma kingine cha mraba kilichogeuzwa kona, na kwenye zile nafasi za pembeni zimeshindiliwa kamba nene za mpira. Kile chuma cha ndani kinatoka nje kikiwa na mkono mfupi unaoelekea nyuma, na tairi linafungwa mwisho wa ule mkono. Tairi likipanda tuta, mkono unanyanyuka, chuma cha ndani kinajizungusha na kuuminya mpira. Mpira ndiyo springi, na huo huo mpira unatuliza mtikisiko. Kwa hiyo mara nyingi hata shokapu huhitaji.

Faida zake ni za kweli. Kila tairi linacheza peke yake, la kushoto likiingia shimoni la kulia halijali. Haina makelele ya chuma kusagana. Tela linaweza kukaa chini zaidi. Vitu vya kupaka grisi ni vichache, unabaki na beringi za magurudumu tu.

Ila mpira ule umepangwa kiwandani kwa uzito fulani. Ukiupa uzito mdogo sana, hauminyiki. Ni kama kulalia godoro jipya lililotengenezwa kwa ajili ya tembo. Ndicho kilichonipata. Nilipolipeleka tela kwenye mizani ya magari kwenye ghala moja la mahindi, nikakuta ekseli ya kilo 1,500 imebeba kama theluthi tu ya uwezo wake. Yaani mama wa watu alikuwa anavuta tela ambalo ni kama halina springi kabisa.

Na hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Ikizidi sana ni kosa, ikipungua ni kosa. Ukiweka ndogo kuliko mzigo, mikono inanyanyuka mpaka mwisho, mpira unachoka mapema, matairi yanaanza kuinama na kulika upande mmoja.

MASWALI SITA KABLA YA KUTOA HELA

1. Tela lako likijaa lina uzito gani?

Usikisie. Pima likiwa tupu, halafu ongeza kila kitu kwa kalamu. Langu tupu lilikuwa kilo 340. Nikaongeza maji lita 60, hizo ni kilo 60, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Betri 25. Friji 20. Jiko na mtungi 20, na kumbuka mtungi wa kilo 6 hizo ni za gesi tu, chuma chake kina uzito wake. Hema la pembeni, meza na viti 45. Chakula 30. Mabegi ya wageni 40. Jumla kilo 580.

Sasa, uzito wote haukai kwenye ekseli. Sehemu yake inakaa mbele, kwenye ndoano ya gari. Kwa tela dogo la namna hii mimi nalenga kama asilimia 10. Kwangu ni kilo 58, zinabaki 522 kwenye ekseli. Ukipunguza sana uzito wa mbele, tela linaanza kuyumba mkia barabarani, na hiyo ni hatari kuliko mayai.

Kwa hiyo ekseli niliyohitaji ni ya kilo 600. Mzigo uwe karibu na uwezo wa ekseli lakini usiufikie. Kama dukani wanaonyesha 750 tu, uliza kiwanda, wengi wanaweza kuitengeneza kwa uwezo mdogo zaidi ukiomba kabla.

2. Upana ni upi?

Vipimo viwili, usivichanganye. Cha kwanza ni upana wa chasisi pale ekseli inapofungwa, nje mpaka nje. Cha pili ni toka uso wa habu ya kushoto, pale rimu inapogusa, mpaka uso wa habu ya kulia. Kabla ya kuandika cha pili, weka rimu na tairi lenyewe chini, pima limeingia ndani kiasi gani, hakikisha halitagusa bodi wala madigadi. Bomba hili hulikati ukaliunga. Lina mpira ndani.

3. Unataka pembe gani?

Mkono wa ekseli unaweza kutengenezwa ukiangalia chini, ukiwa sawa, au ukiangalia juu. Hiyo ndiyo inaamua tela likae juu au chini. Viwandani utakuta digrii 45 au 22 na nusu, kwenda chini au juu, au sifuri. Ukienda chini tela linanyanyuka, ukienda juu linalala. Kwa mkono wa sentimita 15, digrii 22 na nusu kwenda chini zinakupa karibu sentimita 6 za kunyanyuka kabla ya mzigo. Digrii 45 zinakupa kama 10 na nusu.

Pima kwanza urefu wa ndoano ya gari toka ardhini. Tela likifungwa linatakiwa likae sawa, lisiiname mbele wala nyuma. Mimi nilichukua 22 na nusu kwenda chini. Baada ya kutengenezwa hairekebishwi, hata fundi awe bingwa vipi.

4. Rimu zake ni zipi?

Jiulize gari gani litavuta. Ist ina matundu manne, kipimo 4x100. RAV4 ina matano, 5x114.3. Hilux ya kunyanyuka ina sita, 6x139.7. Ukiagiza habu inayolingana na gari lako, na tairi likawa saizi moja, spea moja inakutosha kwa gari na tela. Mimi nilisisitiza 5x114.3 kwa sababu wateja wangu wengi wana magari ya matundu hayo. Hapo hapo angalia kitabu cha gari kinasema linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Gari kuweza kulivuta haina maana linaweza kulisimamisha.

5. Breki unazo?

Nchi za Ulaya zimeweka mstari: tela lisilo na breki zake mwisho ni kilo 750, uzito wote likijaa. Ndiyo maana utaziona ekseli nyingi ndogo zimeandikwa 750. Mimi nauchukulia huo kama mpaka wangu. Nikitengeneza kubwa zaidi ya hapo, naagiza yenye breki tangu mwanzo, siongezi baadaye. Na mambo ya usajili na namba ya tela, ulizia TRA kabla hujanunua hata skwea paipu moja.

6. Litapita njia gani?

Hili ni swali la ukweli, jibu bila kujidanganya. Ekseli ya springi ikivunjika bamba moja njiani, utapata fundi kwenye kijiji chochote chenye mashine ya kuchomelea. Ya mpira ikifa, imekufa. Unabadilisha nzima. Kwa hiyo tela langu la toshoni nalikodisha kwa wanaoenda Karatu, Moshi, njia za lami na vumbi kidogo. Mtu akisema anaenda Ziwa Natron kupitia Engaruka, mawe na vumbi, namwambia bosi wangu hili siyo lako. Simpi. Naandaa la pili kwa njia hizo, na hilo litakuwa la springi. Usinunue toshoni kwa sababu ya video. Nunua kwa sababu ya barabara yako.

Kama unanunua iliyotumika, mwambie muuzaji anyanyue tela kwa jeki huku unaangalia ule mkono. Uzito ukitoka, mkono unatakiwa ushuke. Kama umebaki pale pale, mpira umeshachoka. Linganisha kushoto na kulia, pembe ziwe sawa. Ukiona matairi yameinama juu kuelekea ndani, ondoka na hela yako mfukoni.

SIKU YA KUFUNGA

Ekseli ya pili ilipofika nilisimama na fundi mwanzo mwisho. Mambo matatu yangetuharibia.

Kwanza, alitaka kuliweka bomba pale tulipochora katikati ya tairi. Nikamzuia. Mkono unaelekea nyuma, kwa hiyo tairi linakaa nyuma ya bomba, kwangu karibu sentimita 14. Tungefunga vile, tairi lingekuwa nyuma ya madigadi yake na uzito zaidi ungehamia kwenye ndoano. Chora tairi kwanza, halafu rudi mbele utafute bomba.

Pili, usichomelee kwenye bomba. Moto unaunguza mpira wa ndani na hutaona kitu kwa nje. Sisi tulichomelea sahani za chuma kwenye chasisi kwanza, tukaacha zipoe, ndipo tukafunga ekseli kwa boliti. Na kama kuna kuchomelea kokote baada ya hapo, waya wa athi ushikwe karibu na pale unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi.

Tatu, uzito wote unaingia kwenye chasisi sehemu mbili tu, pale ekseli ilipofungwa. Springi inagawa mbele na nyuma, hii haigawi. Kwa hiyo pale pawe na chuma kizito na mkingamo wa kushikilia. Zaidi kama umenunua zile za nusu nusu, zisizo na bomba la kupita katikati, maana chasisi ndiyo inafanya kazi ya lile bomba.

Ukimaliza, kaza nati za tairi. Simama baada ya kilomita 20, kaza tena. Baada ya 80, kaza tena. Na andika namba ya beringi kwenye daftari, nunua spea moja ya kila upande, weka kwenye tela pamoja na grisi. Beringi dukani zinauzwa kwa namba, siyo kwa maelezo.

SASA TURUDI KWENYE BIASHARA

Ekseli ya kwanza haikuwa mbovu. Niliiuza kwa jamaa anayebeba tofali na saruji, fundi wake akajenga chasisi kuifuata. Kwake inatembea vizuri kabisa, kwa sababu ana mzigo wake. Mimi nilipoteza kama laki nne kwenye hiyo bei, ukiweka na usafiri na hela ya yule mama inafika laki saba na kitu.

Nimemfikiria sana yule muuzaji wa nje. Hakunidanganya. Nilichoagiza ndicho alichotuma. Ila hakuniuliza swali hata moja. Siku naagiza ya pili, nikakutana na muuzaji mwingine. Kabla hajataja bei akaniuliza: uzito likijaa, uzito mbele, upana wa chasisi, uso wa habu mpaka uso wa habu, pembe, matundu ya rimu, unataka breki au hapana. Maswali saba. Mengine sikuwa na jibu, nikarudi gereji na tepu. Alikuwa ghali kuliko wa kwanza. Nikamlipa bila kubishana, kwa sababu nilijua huyu anataka kitu kinikae.

Hapo ndipo nikajitazama mwenyewe. Mimi nilikuwa nashona maturubai ya kufunikia magari, mteja ananiambia "la Noah", namwambia tuma hela. Noah ipi? Ya zamani au ya sasa? Ina keria juu au haina? Likirudi halimkai, naanza kumlaumu mteja kwamba hakusema. Na yeye atasemaje kitu ambacho hajui kama kinahitajika? Anayejua ni mimi.

Siku hizi kila bidhaa ya kipimo nina ujumbe wake tayari kwenye simu. Turubai lina maswali matano. Kukodi tela kuna manne: gari gani, unaenda wapi, mko wangapi, mtabeba nini. Namtumia mteja picha ya mahali pa kuweka tepu, ananirudishia namba, namwandikia vipimo vyote upya, akijibu "ndiyo" ndipo natuma namba ya kulipia. Kuna wanaokasirika na kwenda kwingine. Sawa tu. Waliobaki hawarudishi mzigo.

Anayeuza vitenge aulize ni mshono gani kabla ya kukata. Anayeuza kava aulize modeli kamili, siyo "Samsung ile ndefu". Anayeuza viatu aombe mteja akanyage karatasi apige picha na rula pembeni.

Yule mama alirudi. Nilimpigia mwenyewe, nikamwambia nimebadilisha ekseli na mtungi sasa una kishikio cha chuma chenye mkanda, njoo bure. Alienda Karatu ile ile. Jumapili aliporudisha akanikabidhi trei. Mayai mawili yalikuwa yamebaki, mazima.

Wewe bidhaa yako inahitaji maswali mangapi kabla ya kupokea hela? Yaandike leo usiku, yahifadhi kwenye simu, kesho anza nayo. Na kama una rafiki anajenga tela, mtumie hii kabla hajalipa.